Bunduki ya Zamani Katika Paa: Inashuhudia Nini?



Leo tutazungumza juu ya bunduki, lakini si zile ambazo watoto wetu wamekwisha kuzijua kwa mlio. Tutazungumza juu ya ile ya zamani, ya mti mrefu na komeo pembeni, ambayo watu wanaikuta katika paa la nyumba iliyoungua, au chini ya sakafu ya depo ya kahawa, au katika shimo la kuivishia ndizi, wakati jamaa zinaporudi kwenye kilima chao. Imeshika kutu. Hakuna anayejua ilifika namna gani. Na mara moja maneno mawili yanaanza kutembea kijijini. Neno la kwanza ni la majirani: "Mnaona? Hawa walikuwa na silaha tangu zamani, walikuwa wakitungojea." Neno la pili linatoka kwa wenye nyumba: "Bunduki hii Wabelgiji walimpa babu yetu. Kwa hiyo kilima ni chetu, na nyinyi ni wageni."

Chuma kimoja, mashtaka mawili. Na mashtaka ya namna hii yanaweza kuwarudisha watu barabarani na magodoro kichwani, hata kabla ya mihogo waliyoipanda kukomaa.

Mimi nilisoma sheria. Katika sheria, kitu kikiletwa mbele ya baraza kama ushahidi, kwanza kinaulizwa chenyewe. Na bunduki ya zamani inajibu vizuri kuliko watu wengi. Kartasi zinaungua, mzee anakufa na maneno yake, lakini kiwanda cha Ulaya kiligonga alama zake ndani ya chuma. Kwa hiyo tuulize. Bunduki hii ilizaliwa wapi? Mwaka gani? Kwa kazi gani? Nani aliruhusiwa kuishika?

Kabla ya yote, onyo moja. Bunduki iliyookotwa ihesabiwe kuwa ina risasi ndani, hata kama ina kutu ya miaka hamsini. Watoto waondolewe, mdomo wake usielekezwe kwa mtu, na asiwepo mtu wa kugonga komeo kwa jiwe ili lifunguke. Kazi ya kulifungua ni ya anayeijua.

Sasa, bunduki ya komeo ni nini? Tazama mlango wenye komeo la chuma. Unalisukuma mbele, unageuza mkono wake chini, mlango umefungwa. Ndugu wawili wa mji wa Oberndorf, Ujerumani, Wilhelm na Paul Mauser, walijenga bunduki kwa wazo hilohilo. Ile yao ya 1871 ilichukuliwa na jeshi la inchi yao. Ilibeba risasi moja tu, nene, ya milimita 11, na baruti yake nyeusi ilitoa moshi kama wa jiko la kuni mbichi. Mwaka 1886 Wafaransa walileta bunduki ya baruti isiyo na moshi, na majeshi yote ya Ulaya yakaanza kukimbizana. Ubelgiji ulichagua Mauser ya 1889. Mwaka huohuo, huko Herstal karibu na mji wa Liège, kilianzishwa kiwanda cha FN, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza bunduki 150.000 za namna hiyo.

Hiyo ya 1889 hata mtoto anaweza kuitambua. Mtutu wake umevikwa bomba jembamba la chuma, kama pampu ya baiskeli, na mbele ya pahali pa kidole kuna sanduku dogo linalotokeza nje, ambamo risasi tano zinakaa kwa mstari mmoja. Risasi yake ni ya milimita 7,65. Ile ya 1898, ya Wajerumani, haina bomba wala sanduku la kutokeza. Risasi tano zinakaa ndani ya mti, moja kushoto na moja kulia, na komeo lake lina meno matatu: mawili mbele ya kufunga, na la tatu nyuma kama akiba. Kumbukeni hiyo ya 1898, sababu bunduki nyingi za komeo za kuwinda zilizofika kwetu ni watoto wake.

Hapa inatubidi kuingia katika historia ambayo shuleni hatukufundishwa, walau mimi sikufundishwa. Tarehe 2 Julai 1890, huko Bruxelles, serikali za Ulaya na nyingine chache zilitia sahihi mapatano juu ya kukomesha biashara ya watumwa. Kifungu cha 8 kilikataza kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika Afrika, kuanzia mstari wa 20 kaskazini hadi mstari wa 22 kusini. Kongo yetu yote iko ndani. Sababu waliyoitaja haikuwa uongo mtupu: katika Maniema, kuanzia Kasongo na Nyangwe, misafara ya watu kama Tippu Tip ilikuwa imejenga utawala wa pembe na watumwa kwa nguvu ya bunduki. Lakini someni yaliyoruhusiwa. Majeshi ya serikali yaliruhusiwa kushika bunduki za kisasa. Msafiri mwenye kartasi ya serikali yake aliruhusiwa ya kujilinda. Na mwenyeji? Aliweza kuuziwa gumegume, ile ya kuwashwa kwa jiwe, pamoja na baruti ya kawaida. Gumegume hizo nyingi zilitengenezwa palepale Liège, mji uleule wa Mauser. Mji mmoja ulikuwa na milango miwili: mmoja wa kuuza chuma kizuri, mwingine wa kuuza chuma cha kupeleka Afrika.

Na Bulamatari akafanya nini na ruhusa yake? Askari wa Force Publique walianza na Albini, bunduki ya risasi moja inayofunguka juu kama kifuniko. Mauser zilikuja polepole baadaye. Wakati wa mpira wa porini, wakubwa walihesabu risasi kama franka. Askari aliyetumia risasi alidaiwa kuonyesha kwamba aliua mtu, hakuwinda mnyama, na ushahidi ukawa mkono wa kuume uliokatwa. Alipowinda, au alipokosa, alikata mkono wa mtu aliye hai. Tume ya uchunguzi ya mfalme Léopold mwenyewe ilikuja mwaka 1904, na ripoti yake ikatangazwa 1905. Mwaka 1908 inchi ikatoka mkononi mwake ikawa koloni la Ubelgiji. Nawaambieni haya kwa sababu mtu akisema mbele ya baraza "bunduki ni heshima ya babu yangu", wazee wanapaswa kujua kwamba kwa miaka mingi bunduki ya komeo ilikuwa chombo cha kodi na kazi ya shuruti. Ilishikwa na mtu mweusi, ndiyo. Lakini haikuwa yake. Ilikuwa na namba, na jioni ilirudi ghalani.

Kisha vita vya 1914 vikafika kwenye maziwa yetu. Askari wa Wajerumani walishika kisiwa cha Idjwi Septemba 1914. Wengi wao walikuwa bado na ile Mauser ya 1871, ambayo moshi wake ulimwonyesha adui pahali alipolala mpiga risasi. Bunduki za 1898 zilifika kwao baadaye, kwa meli mbili zilizopita katikati ya manowari za Waingereza: Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Force Publique iliingia Kigali Mei 1916, na Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma ya askari walitembea wapagazi, wengi kuliko askari mara nyingi, na hao hawakubeba bunduki, walibeba masanduku ya risasi. Katika vita hivyo bunduki zilitupwa, zilifichwa, zilibadilishwa kwa mbuzi. Kwa hiyo ukikuta huku Kivu bunduki ya Kijerumani yenye jina la Spandau, Danzig, Amberg au Erfurt juu ya pete ya chuma, pamoja na taji na mwaka, usishangae, wala usiseme kwamba mwenye nyumba alikuwa mpelelezi wa inchi nyingine. Yaweza kuwa ilibaki njiani tangu wakati huo.

Kuna alama moja ambayo nyinyi mliokimbia mtaielewa kuliko mimi. Agosti 1914 Wajerumani waliingia Ubelgiji, wakashika Liège, na mafundi wengi wa bunduki wakakimbilia Uingereza na jamaa zao. Huko Birmingham, wakimbizi wa Kibelgiji walitengeneza Mauser za 1889 kwa ajili ya jeshi lao, na juu ya chuma wakaandika ETAT BELGE, na jina la Birmingham. Nyingine zilitengenezwa Marekani, na Hopkins & Allen wa Norwich, Connecticut. Ile yenye jina la Birmingham ni kazi ya mikono ya wakimbizi.

Baada ya vita hivyo ndipo bunduki ya kuwinda inaingia kwa wingi. Mwaka 1925 ilianzishwa Parke Albert, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1928 iliundwa kampuni ya Comité National du Kivu kwa kugawa ardhi kwa Wazungu wa kahawa na chai. Mzungu wa shamba alitaka bunduki ya nyati na ya tembo isiyo na bei ya tajiri. Mwaka 1905, Otto Bock, fundi wa Berlin, alikuwa amekwisha kutengeneza risasi ya milimita 9,3 yenye ganda la milimita 62, ikiingia katika Mauser ya 1898 bila kubadili chuma kikubwa. Ndiyo iliyopendwa na wenye mashamba katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, ikasambaa kotekote. FN nao walianza kutengeneza Mauser ya namna ya 1898 mnamo 1924, za jeshi na za kuwinda. Na mwenyeji wa kawaida? Bado bunduki ya fataki ya kujazwa kwa mdomo, na kartasi yake. Dekreti ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi ilipanga nani awinde nini, na mtu aliyemwinda nyama wa pori la mababu zake aliitwa mwizi. Machefu wachache walipewa ruhusa ya bunduki ya komeo, wakaonekana wakubwa. Wivu wa wakati ule bado unasikika katika maneno ya mashamba leo.

Wazungu wengi waliondoka Julai 1960, Force Publique ilipoasi, na wengine wakati wa Mulele, 1964, na wakati wa Schramme, Bukavu, kati ya Agosti na Novemba 1967. Tena Novemba 1973 mashamba ya wageni yalitwaliwa katika zairianisation. Kila mara nyumba ilifungwa haraka. Bunduki iliachiwa mpishi, mlinzi, kapita. Au mpishi aliifukia ili waasi wasiione, akafa bila kusema. Ndiyo njia ya bunduki nyingi za paa.

Sasa turudi kwenye alama, maana hapo ndipo barza linaweza kufanya kazi yake.

Tazama mtutu karibu na komeo. Bunduki ya Ubelgiji ina yai dogo lenye herufi ELG ndani, alama ya nyumba ya Liège ambapo kila bunduki ilijaribiwa kwa risasi kali kabla ya kuuzwa. Juu ya yai kuna taji? Basi imejaribiwa mwaka 1893 au baadaye, sababu taji liliongezwa mwaka huo. Tangu 1922 kuna pia herufi ndogo ya mwaka. Bunduki ya Ujerumani isiyo ya jeshi ina herufi B, U au G chini ya taji. Tangu sheria ya 1939, pahali pa taji paliingia ndege tai. Tarehe ya majaribio ya Kijerumani mara nyingi iko chini ya mtutu, imefichwa na mti, na kuitafuta lazima fundi atoe misumari ya parafujo. Kisha kuna namba. Namba ya mtutu na ile ya komeo zikilingana, vyuma vimekaa pamoja tangu kiwandani. Zisipolingana, mmeshika watoto wa mama wawili: mtu fulani, wakati fulani, aliunganisha bunduki mbili zilizoharibika.

Unene wa risasi nao una habari zake. Milimita 7,65 inaelekeza kwenye jeshi la Ubelgiji. Milimita 9,3 inaelekeza kwa mwindaji. Hapa kuna hatari ambayo imewapofusha watu: Wajerumani walibadili risasi yao ya milimita 8 mwaka 1905, wakaifanya mpya kuwa nene kidogo kuliko ya kwanza. Katika mtutu wa zamani risasi mpya inaingia, lakini haitoki kwa amani. Kijana asiseme "inaingia, basi ni yake."

Tuseme barza limekuta haya: yai la ELG na taji, jina la FN, risasi ya 9,3, hakuna alama ya jeshi, namba ya komeo ni tofauti. Chuma kimesema kwamba kilizaliwa kwa kuwinda, kwamba si cha kabla ya FN kuanza Mauser ya namna ya 1898, na kwamba kilitengenezwa upya. Hakikusema kwamba wenye nyumba walipanga vita. Vilevile hakikusema kwamba hawakukitumia vibaya mwaka 1964. Chuma kinaeleza kuzaliwa, hakielezi matendo. Kwa matendo tunahitaji watu walioona, na hao wanapaswa kusikilizwa kutoka pande zote mbili.

Na juu ya ardhi hakikusema neno lolote. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali, na haki ya mtu juu ya shamba inatokana na kartasi au na desturi ya pale, watu waliolima na majirani waliokubali. Mzungu mwenye bunduki ya 9,3 hakuwa mwenye kilima kwa sababu ya bunduki yake. Mpishi wake naye hawezi kurithi kilima kwa njia ya chuma hicho. Machefu wapendwa, naomba hili mlitofautishe hata kama pande zote mbili zinapiga kelele.

Kuna wanaouliza: je, bunduki kama hiyo inaweza kutengenezwa tena? Fundi wa kweli anaweza. Lakini tazameni jinsi fundi wa makumbusho anavyofanya kazi. Kwanza anaandika na kupiga picha kila alama. Anaondoa kutu kwa mafuta na brashi laini ya shaba, siku nyingi, bila haraka. Kutu nyekundu iliyobaki anaweza kuichemsha katika maji safi mpaka igeuke nyeusi na kushikamana na chuma. Mti anaupaka mafuta ya kitani, na mikwaruzo anaiacha. Hagusi alama kwa tupa. Mtutu ambao umeliwa ndani haujaribiwi kwa moto, unawekwa ukutani.

Kinyume chake, kuna fundi wa porini anayepiga tupa mpaka chuma kinang'aa, anakata mtutu, anapaka rangi nyeusi. Swali langu kwake ni moja: juu ya nini namba imefutwa? Bunduki ya zamani yenye kutu na namba yake ni kitu cha historia. Bunduki ileile, imeng'arishwa na namba imefutwa, ni kitu kinachoandaliwa. Wazee wa barza wakiona hivyo, hapo wana haki ya kuogopa.

Ordonnance-loi ya tarehe 3 Septemba 1985 inakataza mtu kushika silaha bila ruhusa, na kutu si ruhusa, wala urithi si ruhusa. Najua mtakalosema: tumpelekee nani, wakati wenye kushika mamlaka wanabadilika, na atakayeipokea leo anaweza kuigeuza kesho? Ni swali la haki, na sitalifunika kwa maneno matamu. Jibu langu ni la mashahidi. Mtu asiipeleke peke yake usiku, na asiipeleke chefu peke yake. Aende na mzee wa upande wa pili, yule hasa anayemshtaki. Kabla ya kuitoa, iandikwe PV ya kurasa mbili: pahali ilipookotwa, tarehe, majina ya waliokuwepo, umbo la bunduki, alama zote zikichorwa kwa kalamu kama zilivyo, namba ya mtutu na namba ya komeo. Isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kilima. Jamaa zote mbili zitie sahihi au kidole. Nakala moja ibaki kwa wenye nyumba, moja kwa upande wa pili, moja kwa parokia au kanisa, na ya nne iende na bunduki, ikirudi na sahihi ya aliyeipokea.

Vikundi vya wasikilizaji vyenye chuma cha namna hii wasitulete hicho chuma redioni. Watuletee mchoro wa alama tu, nasi tutausoma katika kipindi kijacho bila kutaja kilima wala jina la mtu.